Ukurasa wa Kwaya Uliouliza Ni Nani

Tulimzika Riziki Jumamosi, na Jumapili nilikuwa bado Kalundu, bandari ya Uvira, nimeketi chini ya turubai la matanga, nikila wali na ndagala, dagaa wa kwetu, katika sahani moja na mwanamke nisiyemfahamu. Aliniuliza nilijuana vipi na marehemu. Nikasema tulisoma pamoja. Akanitazama, akahesabu umri wangu kwa macho, akaona hesabu haiendi, kwa kuwa Riziki alinipita kwa miaka mingi. Nikaeleza kwamba haikuwa shule, ilikuwa formation ya ordinateri, mafunzo ya kompyuta, hapa hapa Kalundu, nyuma ya chapeli. “Yaya Riziki wa mikeke? Ordinateri?” akacheka kwa adabu, kama watu wanavyocheka msibani, na kuendelea kula. Sikumlaumu. Bandarini kila mtu alimjua yaya Riziki, dada mkubwa wa wote, kwa beseni lake la mikeke, samaki wa ziwani, na mdomo wake usiokosa jibu, na mimi ninayefundisha informatique Bukavu ndiye mwenye sura ya mtu wa mashine. Nilitaka kumwambia kwamba kwa sehemu kubwa ya mwaka ule wa formation Riziki alijua kuandika skripti kuliko mimi. Lakini watu walikuwa wameanza wimbo, na mimi si mtu wa kushindana na wimbo, kwa hiyo nayaandika hapa.

Habari za ukoo wangu nitaziruka. Baba, mama, shamba la mpunga la Bwegera, yote yalikuwepo na hayahusiki. Nilikuwa nimemaliza sekondari, sina kazi, sina mchumba wa kueleweka, na nilikuwa nimechoka kuambiwa nisubiri. Chumba cha formation kilikuwa zamani ghala la samaki wakavu. Wakristo walikipaka chokaa, wakafungua madirisha, wakafukiza majani, na bado siku ya joto harufu ilitoka ukutani na kukaa juu ya clavier, vile vitufe vya kuandikia. Mashine zilikuwa chache na nzee. Tulikaa wawili wawili. Nje kulikuwa na groupe la kutupa umeme, na mlio wake ukibadilika tu, darasa zima lilipiga kelele “Enregistrez!” yaani hifadhini, hata wale ambao hawakuwa wameandika kitu. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa wa mbao, na nyuma ya mbao ndiko komite ya kwaya ilikofanyia mikutano yake, hivyo tulijifunza mambo ya kwaya bila kuomba: nani anakuja amechelewa, nani anaimba kwa pua, nani amekataa kuvaa kitambaa kipya. Mwalimu wetu, Bahati, kijana mrefu aliyerudi kutoka Bujumbura na shati moja zuri, alikataza chakula ndani tangu siku sisimizi walipoingia kwenye clavier kwa ajili ya sukari. Tulikula uani, mihogo ya kuchemsha na karanga, na chai ya Riziki kutoka kwenye thermos yenye mfuniko uliopasuka. Riziki alikuja moja kwa moja kutoka bandarini. Kabla ya kugusa mashine alisugua vidole kwa ndimu, taratibu, mpaka kwenye kucha, na mimi niliyeketi naye nilikuwa nikimsubiri na kununa, kwa sababu muda wa mashine ulikuwa wetu sote wawili.

Kurasa za kawaida za intaneti tulizijua upesi: kichwa cha habari, picha, rangi ya nyuma. Wote tulipenda rangi za kuumiza macho. Kisha Bahati akasema tumefika kwenye skripti. “Ukurasa bila skripti ni affiche ya ukutani,” alituambia. “Unasoma, unaenda zako. Ukiiwekea skripti, inakuuliza na inakujibu.” Akatuonyesha tunapoifungulia na tunapoifungia ndani ya ukurasa, na mfano wa kwanza ulikuwa kisanduku kidogo kinachoruka katikati ya kioo cha mashine na kumuuliza mgeni swali, kisha ukurasa unamkaribisha kwa kile alichoandika. Ukisahau alama moja tu ya kufunga maneno, hakuna kinachotokea. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote katika skripti: ukikosea haikugombezi, inanyamaza tu, na wewe unabaki unatazama ukurasa mweupe kama mtu aliyenuniwa bila kuambiwa kosa. Riziki hilo halikumsumbua. Aliweka kidole kwenye kioo na kufuata mstari kwa mstari, akinung'unika kama anayechagua mchele, na mara nyingi kosa alilipata, hata katika kazi yangu, na kulionyesha bila kujisifu sana.

Kazi yetu ya mwisho wa formation ilikuwa ukurasa wa kwaya. Hilo lilikuwa wazo la Papa Mulonda, rais wa kwaya, mtu wa kazi za forodha bandarini, mwenye tumbo na sauti ya kuheshimika. Watu wetu walikuwa wametawanyika, ng'ambo ya ziwa, kwenye kambi za wakimbizi, Zambia, na mbali zaidi, na alikuwa amesikia kwamba wakikuta ukurasa wenye picha za nyumbani wanapeana anwani yake kama watu wanaopeana chumvi. Riziki aliposikia hivyo alisimama pale pale akaomba. Mdogo wake, Heri, alikuwa besi wa kwaya hiyo. Katika mwaka wa vurugu alipanda boti hapa Kalundu, naye Riziki na mama yao wakakimbilia Bwegera. Waliporudi nyumba ilikuwa na watu wengine, simu ilikuwa imepotea, na Heri hakuwa na namba wala mahali pa kuwatafuta. “Tuandike tu, Papa Président. Mustari moja. Heri, mama iko muzima, tuko fasi fulani.” Papa Mulonda hakukasirika. Alitikisa kichwa pole pole. “Ukurasa ni ya kwaya. Tukiweka Heri leo, kesho kila mutu ataleta wake. Na ni nani hapa Kalundu hana mutu alipotea? Hapana, Riziki. Tutaweka mafoto, majina ya nyimbo, na saa ya répétition. Basi.” Nilimwona Riziki akikaa. Nilidhani yameisha.

Alikuwa na tumaini jingine, na tumaini hilo lilikufa mbele yetu siku chache baadaye. Tulikuwa tumeweka kwenye ukurasa kile kisanduku, na tukakubaliana kiulize “Ni nani?” kama watu wanavyouliza ndani mtu akibisha hodi. Riziki alinyoosha mkono. “Monsieur, mutu akiandika jina yake kule iko, minye nitaiona huku?” Bahati akasema hapana. Skripti hiyo inatembea ndani ya mashine ya mgeni mwenyewe. Inamuuliza, inamjibu, akifunga ukurasa imekwisha. “Haiache hata alama?” “Hata alama, mama.” “Sasa inaulizaka ya nini?” Darasa likacheka, na Bahati naye akacheka. Kuna njia za kuleta jina nyuma, leo nazifundisha mwenyewe, lakini zilihitaji vitu ambavyo hatukuwa navyo, na yeye hakuwa amefika huko. Riziki hakucheka. Nilijua, kwa kuwa nilikaa naye bega kwa bega, kwamba kwa wiki kadhaa alikuwa ameamini kuwa siku moja atafungua mashine asubuhi, vidole vinanuka ndimu, na kukuta jina la mdogo wake limeandikwa. Nilimhurumia kimoyomoyo. Katika umri ule niliona aibu kumhurumia mtu mzima.

Somo lililofuata lilikuwa la “if”, neno ambalo katika skripti ni kama yetu tu: kama hivi, fanya vile. Kama mgeni ameandika kitu fulani, mwonyeshe kitu fulani. Bahati alitoa mfano wa mtu aliyeandika jina la mwalimu na kupewa sifa nyingi. Riziki alinipiga kiwiko na kuniita jina. “Maombi, umeona? Jina yake haiwezi fika kwangu. Basi neno yangu imungojee kule kule.” Sikuelewa mpaka alipoanza kuandika. Kama aliyejibu “Ni nani?” ameandika Heri, basi atokewe na ujumbe, mwingine yeyote akaribishwe tu, aone picha na saa za mazoezi, asijue kitu. Komite isingeona lolote. Halafu ikaja taabu ya majina. Kwenye ubatizo ni Emmanuel. Nyumbani ni Heri. Kwenye mpira walimwita Kibonge. Kwaya walimwita Besi. Mama yao alimwita Papa, kwa kuwa alipewa jina la baba wa mama huyo, na hakuwahi kumwita kingine. Yote Riziki aliyapanga, katikati akiweka ile mistari miwili iliyosimama ambayo kwa skripti maana yake ni “au”, na kila jina akaliandika kwa herufi kubwa na tena kwa ndogo, kwa sababu mashine haijui kwamba ni mtu yule yule. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: Heri, mama anakuuliza. Tuko Kalundu, nyuma ya depo ya chumvi. Piga namba hii.

Kabla ya kuupeleka ukurasa cyber na kuuweka hewani, Bahati alitaka tuujaribu kwa watu. Tuliita wapita njia: wabeba mizigo waliokuwa wakipumzika, mama mmoja wa alto, kijana wa kuuza kredi za simu. Yule mama wa alto aliinama mbele ya kioo, akasoma “Ni nani?” na kuijibu mashine kwa sauti, “Ni minye!” kama sisi wa hapa tunavyosema ni mimi. Tukamwambia aandike. Akaandika: ni minye. Mbeba mizigo naye akaandika minye. Kijana wa kredi, vilevile. Mwishowe Bahati mwenyewe, akitaka kutuonyesha jinsi ya kujibu, aliketi, vidole vikaenda vyenyewe, akaandika minye, na darasa likaangua kicheko mpaka groupe halikusikika. Hakuna mlango kwetu ambapo mtu akiulizwa hivyo hutaja jina. Sauti ndiyo jina. Anayetaja jina lake mlangoni ni mgeni, au ni mtu wa serikali. Katika kicheko kile Riziki alikuwa ametulia, mikono mapajani. “Heri naye ataandika hivi,” aliniambia.

Bahati, bila kujua yaliyokuwa moyoni mwake, alitoa dawa rahisi: tubadilishe swali, kisanduku kiseme “Andika jina lako.” Riziki alikataa kwa ukali uliotushangaza. “Kule iko, kila siku banamuuliza jina kwenye karatasi. Jina, post-nom, tarehe, fasi ulizaliwa. Ataona tena jina, atafunga. Hapa aulizwe kama kwa mama yake.” Bahati akaacha swali lilivyo. Tulipobaki wawili, Riziki akaongeza kwenye orodha yake ya “au”: minye, ni minye, miye, mimi, kila namna aliyoweza kufikiria. Nikamwambia sasa kila mtu wa Uvira atakayefungua atauona ujumbe. Papa Mulonda atauona. Wataufuta, na pengine watamtoa kwenye formation. “Bataona bote,” nilisema, nikiwa nimeanza kusema kama yeye. Akapuliza vumbi kwenye clavier. “Baone,” akasema.

Siku ya kuuonyesha ukurasa ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Waliweka mashine juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cha altare, na waumini wakabaki kwenye viti. Mama yake Riziki aliletwa na kukalishwa mbele, kwa kuwa alikuwa hasikii vizuri. Nakumbuka kitambaa chake cha kichwani kilikuwa kipya na bado na mikunjo ya duka. Papa Mulonda akapewa heshima ya kufungua. Kisanduku kikatokea. Akakisoma kwa sauti, maana alikuwa mmoja wa wazee wasioweza kusoma kimya, akatabasamu kwa watu, na kwa kidole kimoja akaandika, herufi baada ya herufi: ni minye. Akabonyeza. Na kwa sauti ile ile ya kusomea matangazo akaendelea kusoma yaliyotokea: “Heri, mama anakuuliza. Tuko Kalundu, nyuma ya depo ya chumvi...” Hapo akanyamaza. Lakini mama alikuwa amekwisha kusikia jina. Alishika kiti chake, akainuka, akageuka kutazama mlango wa chapeli, na kuuliza kwa Kiswahili chake cha ziwani, kwa sauti ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe: “Papa amefika? Iko wapi?” Riziki alimwendea, akamshika mabega, akamwambia sikioni mpaka akaelewa. Ilichukua muda. Mimi huwa silii hadharani, na siku ile nililia hadharani. Papa Mulonda alifunga kioo cha mashine kwa mikono miwili. “Tutaongea,” akasema, na watu wakatoka.

Waliongea Jumanne, nyuma ya mbao, na sisi darasani hatukugusa clavier hata moja. Sauti ya kwanza ilisema Riziki amevunja neno la komite na lazima atoe yale maandishi. Ya pili ikasema atoke yeye mwenyewe. Yule mama wa alto akasema kama wanamtoa Riziki kwa ajili ya kumtafuta ndugu, basi na yeye watamtoa, kwa sababu angekuwa anajua kuandika angefanya hivyo hivyo. Wakapandishiana. Riziki alikuwa akitazama kioo kilichozimwa. Kisha Papa Mulonda akaita kupitia ukutani, bila kujisumbua kujifanya kwamba hajui tunasikiliza. “Monsieur Bahati!” “Naam, Papa.” “Kale kakitu ka Riziki. Majina ngapi inaweza ingia ndani?” Bahati akatutazama. “Haina mwisho, Papa.” Tulisikia kiti kikisogezwa. “Basi andika Espérance. Ni binti yangu.” Sisi sote tulijua kuwa Papa Mulonda ana binti aliyeolewa vizuri Kigoma, alikuwa akituambia habari zake kila Noeli, hata habari za wajukuu.

Ndivyo tulivyojifunza skripti. Vitabu ninavyotumia leo vina mifano ya bei za matunda na alama za wanafunzi, na naivumilia, lakini mkono wangu ulizoea kwa majina ya watu waliopotea. Walikuja na majina ya ubatizo, ya utani, ya mume wa kwanza, na kila mmoja alitaka ujumbe wake uwe juu. Aliyejibu minye aliuona ukurasa mzima wa jumbe hizo. Aliyejibu kwa jina aliona wake peke yake. Katika mavuno ya mpunga, Espérance alipiga simu. Hakuwa Kigoma, alikuwa Zambia, alikuwa ameachika, na alikuwa ameogopa kumwambia baba yake. Papa Mulonda alipita bandarini akilia bila kujificha. Riziki alikuwa akiuza. Aliweka kisu chini, akampigia vigelegele, akamchezea kidogo hapo katikati ya mabeseni, na watu wakampenda kwa hilo. Halafu hakuja darasani wiki nzima. Aliporudi alisugua vidole kwa ndimu, akaketi, na kuniambia kwamba kwenye mstari wangu wa mwisho nimesahau kufunga maneno.

Heri hakupiga mwaka ule. Chapeli ikachukua chumba chake, groupe likafa, Bahati akapata kazi Sange, mimi nikaenda Bukavu kusoma na kukaa. Ukurasa nilibaki nao kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka. Nimeuhamisha kutoka mahali hadi mahali, na wanafunzi wangu wakiuona wanacheka rangi zake. Mama yake Riziki alifariki miaka mingi iliyopita. Kila Riziki aliponipigia, baada ya salamu, aliuliza kitu kimoja, “Ukurasa iko?” nami nikajibu, “Iko, yaya.” Namba yake hakuibadilisha kamwe, hata mtandao ule ulipokuwa haushiki Kalundu nzima na alilazimika kupanda kilimani ili apatikane.

Jumapili hiyo ya matanga, baada ya wali, binti yake aliniambia simu ya mama yao ilipotea hospitalini katika pilikapilika, na namba hawakuona sababu ya kuirudisha. Alisema kama jambo dogo, na kwake lilikuwa dogo. Nikaenda chumbani kwa Riziki, nikakaa kitandani na kufungua mashine yangu. Niliufuta mstari wa mama. Jina la Riziki halikuwepo la kufuta, maana hakuwahi kujitaja. Neno “tuko” nililiacha, ingawa naishi Bukavu. Nikaondoa namba yake, nikaandika yangu, nikahifadhi. Tangu hapo simu yenye namba ya ng'ambo ikilia natoka darasani kuipokea. Heri sikuwahi kumwona, na sauti yake siijui. Yeyote atakayesema ni yeye, nitamwelekeza nyumbani.